Daktari Hajasema Kitu

Daktari alikuwa amezamisha mikono kwenye beseni, na maji hayakutikisika, kwa sababu Eliakim alikuwa ameisimamisha picha. Kwenye kioo cha kompyuta aliyoachiwa na binti yake, juu ya meza ya jikoni huko Bredäng, pembezoni mwa Stockholm, mtu mrefu alilala chali juu ya ubao, shati limechanwa, risasi imeshatolewa na kuwekwa kwenye sahani ya bati, na daktari amempa mgongo. Eliakim alikuwa ameifikia sehemu hiyo mara kadhaa tangu asubuhi, na kila mara kidole chake kilikimbilia kuizuia picha isiendelee. Chai yake ilikuwa imepoa. Alijua kinachofuata, na alikuwa akitafuta njia ya kukizuia kisifuate.

Hakuwa mtu wa kutetemeshwa na sinema. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mwalimu mstaafu aliyewafundisha watoto wa shule za Stockholm Kiswahili cha wazazi wao, wengi wakimjibu kwa Kiswidi na yeye akijifanya hakusikia. Lakini kesho yake ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi picha hii ingeonyeshwa mbele ya Nathaniel, rafiki yake wa kufa na kuzikana, ambaye Jumatatu alitakiwa kupasuliwa moyo.

Huyo aliyelala ubaoni aliitwa Lyle Corbeck, mchezaji wa sinema wa Kimarekani wa zamani zile za kofia pana na bastola kiunoni. Watu wa Tukuyu, walikokulia Eliakim na Nathaniel, hawakumjua kwa jina hilo. Walimwita Stelingi Lailo. Kwenye mabango ya sinema, jina lake lilitanguliwa na neno la Kizungu la kumtangaza mchezaji mkuu, na kwa kuwa lilitangulia, watu wakadhani ndilo jina alilobatizwa, kama Yohana au Petro. Wakalilainisha mdomoni likawa stelingi. Baadaye likamtoka Lailo likawa la kila shujaa wa kila sinema, na likazaa sheria ambayo hata walevi waliiheshimu: stelingi hafi. Atapigwa, atafungwa kamba, atatupwa mtoni na gunia, lakini hafi. Akifa, hiyo si sinema tena, ni matanga, na hakuna mtu aliyelipa kiingilio aende matangani.

Eliakim ndiye aliyekuwa mdomo wa Lailo. Mtu mmoja aitwaye Anselmo, fundi aliyelelewa na wamisionari, alikuwa na mashine ya sinema na jenereta, na alizunguka nazo miji ya milimani. Alimchukua Eliakim asimame kando ya shuka nyeupe na kipaza sauti, awafasirie watu. Kiingereza cha Eliakim kilikuwa cha darasani, na Wamarekani wale waliongea puani. Alipoelewa alifasiri, asipoelewa alitunga, na watu walisema alipokuwa akitunga ndipo sinema ilipokolea. Mpaka leo Nathaniel hakumwita jina lake. Alimwita Mkalimani.

Sinema hii ya sasa waliiita Sinema ya Daraja, kwa sababu Lailo anapigwa risasi darajani. Anselmo aliionyesha kwanza mji wa jirani, yote hadi mwisho, na watu walipoona stelingi anafunikwa shuka usoni walivunja viti na kuirushia mashine mawe. Alipofika Tukuyu aliliacha gurudumu la mwisho la filamu ndani ya kopo lake. Akamwambia Eliakim, "Daktari akimaliza kunawa, mimi nazima. Wewe malizia kwa mdomo." Na Eliakim alimalizia. Taa ilipozimika alipaza sauti gizani akasema daktari amegeuka, amecheka, amesema, "Bwana Lailo, umepona, kesho panda farasi wako." Ukumbi ulilipuka kwa vifijo. Nathaniel, kijana mwenye mabega ya kubeba gogo, alimwinua mkalimani juu juu akamzungusha ukumbi mzima kana kwamba yeye ndiye aliyetoa risasi.

Basi Nathaniel aliondoka na Lailo mzima moyoni mwake, na akaishi naye. Walikuja Sweden pamoja miaka ya sabini, kwa mafunzo ya ufundi, wakabaki. Nathaniel akawa dereva wa treni. Majira ya baridi ya kwanza yalipotaka kuwaua, alisema stelingi hafi. Mkewe alipofariki na kumwachia binti yao Queen angali mdogo, alimaliza siku za msiba, akasema stelingi hafi, akaenda kazini. Ukimsikia ungesema ni mzaha. Eliakim alijua kwamba haukuwa mzaha wote.

Sasa moyo wenyewe ulikuwa umemgeuka. Mlango mmoja wa ndani ya moyo, hivi ndivyo Queen alivyoeleza, ulikuwa umekakamaa haufunguki vizuri, na madaktari walitaka kuuondoa waweke mwingine. Bila hivyo huenda asiyafikie majira ya joto yajayo. Nathaniel alikubali papo hapo, kishujaa, kisha akaanza visa. Siku ya kwanza aliyopangiwa alisema ana mafua. Ya pili alisema ana mgeni kutoka nyumbani, na mgeni huyo hakuna aliyemwona. Hii ya Jumatatu ilikuwa ya tatu.

Wiki mbili nyuma Queen alimpigia Eliakim simu, sauti imejaa furaha. Alikuwa ameipata Sinema ya Daraja, nakala safi iliyosafishwa upya, kamili, na angemtumia Eliakim aipitie mapema. Chama cha Watanzania kingetoa ukumbi wake wa Bredäng. "Baba amesema akiiona ile sinema mpaka mwisho, Jumatatu ataingia hospitali bila neno. Ameniahidi, Baba mdogo. Na anataka wewe ufasiri kama zamani. Snälla, usikatae." Lile snälla, la kubembeleza kwa Kiswidi, alilitumia tangu utotoni alipotaka kubebwa. Eliakim alifungua kinywa amwambie kwamba mwisho wa sinema ile stelingi anafia mezani pa daktari. Kilichomtoka kilikuwa, "Sawa, mwanangu."

Sasa, jikoni, kidole chake kilikuwa bado juu ya kitufe.

"Bado unamwangalia huyo maiti?" aliuliza mkewe Veneranda, akiingia jikoni na mfuko wa vitunguu.

"Hajafa bado. Nimemsimamisha."

Veneranda aliinama akatazama kioo. Alikuwa ameshaelezwa kisa chote, na alikuwa ameshatoa maoni yake, lakini hakuwa mtu wa kutoa maoni mara moja tu. "Mwambie Queen ukweli. Aonyeshe nyingine. Huyu si alicheza nyingi?"

"Nikiibadilisha nimempa Nathaniel kisingizio. Atasema tulikubaliana hii. Jumatatu atakuwa na mgeni mwingine."

"Na akiiona?"

"Akiona stelingi wake amepasuliwa, na amefia hapohapo alipopasuliwa, unadhani atakanyaga hospitali?"

"Basi si wewe ndiye mkalimani? Fanya ulivyofanya Tukuyu."

"Kuna maandishi ya Kiswidi chini ya picha, Mama Alma. Nathaniel anayasoma kuliko mimi."

Veneranda alianza kumenya vitunguu. "Kwa hiyo huna kazi pale," alisema, si kwa ubaya. Kisha, alipomwona mumewe amenywea, akaongeza, "Njia ya mwongo ni fupi, Baba Alma. Ya kwako imefika mpaka Ulaya. Ishukuru, uiache ikome."

Eliakim aliondoka nyumbani akaenda maktaba, kwa sababu Queen alimtaka pia aseme maneno machache juu ya maisha ya mchezaji kabla ya picha kuanza. Alikuwa ameshazipitia habari hizo juu juu, ila alitumaini kwamba ndani yake kungekuwa na kamba ya kushika. Lyle Corbeck alikuwa mtoto wa mhunzi wa Nebraska. Aliingia kwenye sinema kwa mlango wa zizi: aliajiriwa kutunza farasi, kisha kuanguka farasini badala ya wachezaji wakubwa ambao mifupa yao ilikuwa ghali, mpaka mwongozaji mmoja alipotambua kwamba huyu anayeanguka ana sura nzuri kuliko yule anayetakiwa kusimama. Akawa nyota. Kwa zaidi ya miaka kumi alipigwa risasi za bega tu. Kampuni iliyomwajiri haikumruhusu afe, maana mtu aliyekufa hawezi kurudi wiki ijayo na sinema nyingine. Yeye ndiye aliyewaomba, akawasumbua, akatishia kuacha kazi, mpaka wakampa hii ya daraja. Watazamaji wakaikataa. Waliandika barua za hasira, majumba ya sinema yakabaki matupu, na Eliakim aliposoma hapo alitabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile. Kumbe Wamarekani nao walikuwa watu wa Tukuyu.

Baada ya hapo mambo yalimwendea mrama. Mkataba haukurefushwa. Akatangaza sabuni kwenye televisheni, akacheza mahakimu na wazee wa kijiji wenye mistari miwili mitatu, mwishowe akafungua duka la kuuza matandiko ya farasi huko California. Alikufa mzee kabisa, kitandani kwake. Mwandishi mmoja alikuwa amemtembelea dukani akamuuliza alijifunza wapi kufa vizuri vile. Corbeck akajibu kwamba hakucheza kufa hata kidogo, kufa ni kazi ya mpiga picha na shuka. Yeye alicheza kuogopa, na kuogopa hakuhitaji kufundishwa.

Eliakim alilisoma jibu hilo, akalipita haraka. Alichokitaka ni ule uzee mrefu wa dukani. Angewaambia watu kwamba Lailo aliishi miaka mingi kupindukia, angelisema mara mbili ikibidi. Lakini moyoni alijua kwamba mtu haendi hospitali kwa sababu ya muuza matandiko. Alikuwa anampelekea mwenye kiu picha ya maji.

Jumamosi alasiri giza la Novemba lilishaanza kushuka watu walipoingia ukumbini wakikung'uta theluji ya maji kwenye viatu. Walikuwa wazee wengi na vijana wachache waliokuja kwa ajili ya sambusa. Emérithe, mama wa Kirundi aliyekuwa jirani wa Eliakim, alikuwa amekaa katikati akimweleza mwenzake kwamba kwao Bujumbura hawakusema stelingi. "Sisi tulisema akteri. Akteri hafi. Ni kitu kimoja."

Eliakim alikwenda nyuma, kwa Kambale, Mkongo aliyekuwa akiiandaa mashine, akamwinamia sikioni.

"Ukifika pale daktari ananawa mikono, zima."

Kambale alimtazama. "Juu ya nini, Papa? Inabakia kipande kidogo tu."

"Sema imeharibika. Mitambo huharibika."

"Yangu haiharibikake." Alisema kwa fahari, kisha akaona uso wa mzee, akashusha sauti. "Sawa, Papa. Unyanyue mkono, miye nitaona, nitazima."

Hapo Nathaniel akaingia. Yale mabega yalikuwa yamebaki kwenye koti tu. Alitembea akipumzika kila baada ya viti vichache, akijifanya anasimama kusalimia watu, na Queen nyuma yake akijifanya haoni. Alipofika mbele alikaa kiti cha kwanza kabisa, kama enzi zile, akaita, "Mkalimani! Leo usitupunje." Watu wakacheka. Eliakim naye akacheka, na kicheko chake mwenyewe kilimtisha.

Alisema maneno yake machache. Alieleza uhunzi, zizi, risasi za bega, akafika kwenye duka na uzee, akavirefusha. Nathaniel alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Mnasikia?" aliwaambia waliokaa nyuma yake. "Amekufa kitandani, babu kizee." Kisha taa zikazimwa.

Kwa muda Eliakim alisahau hofu yake. Sauti ilimrudia. Alisimama kando ya ukuta mweupe na kipaza sauti mkononi, na Lailo akapanda mlima kwa Kiswahili, akagombana na mwenye mashamba kwa Kiswahili, akamwambia binti wa posta kwamba moyo wake ni kama barua isiyo na anwani, jambo ambalo hata maandishi ya Kiswidi hayakulisema. Waliojua Kiswidi wakacheka zaidi kwa sababu walijua. Wazee walipiga makofi. Hata vijana waliacha simu zao. Alikuwa na miaka ishirini tena, na kila sikio ukumbini lilikuwa lake.

Ndipo daraja likafika. Mlio wa risasi, Lailo akapiga magoti, watu wakaguna. Wakambeba. Ubao, taa ya mafuta, daktari na kisu chake. Nathaniel alikuwa amejisogeza ukingoni mwa kiti, mkono mmoja umekwenda wenyewe kifuani, na kwenye mwanga wa picha Eliakim aliuona uso wake waziwazi. Alitarajia kumwona na tabasamu la mtu anayesubiri farasi. Hakuliona. Aliona mzee mmoja anayetazama kisu.

Risasi ikalia kwenye sahani ya bati. Daktari akageuka akaenda kwenye beseni.

Lailo, chali, akauliza swali lake. Eliakim akalifasiri, na sauti yake ikatoka ndogo: "Anauliza, daktari, nitapona?"

Daktari akazamisha mikono. Filamu ilikuwa kimya hapo. Hapakuwa na muziki wala maandishi chini ya picha, ila maji. Kule nyuma Kambale alikuwa amesimama, anausubiri mkono. Eliakim aliuinua ukafika usawa wa kiuno. Maneno yalikuwa yamejipanga ulimini, yaleyale ya Tukuyu, umepona bwana, panda farasi, na alijua kwamba akiyasema na taa ikazimwa watu watapiga makofi na Nathaniel atacheka na kusema aliwaambia. Na Jumatatu atapata mafua. Alilijua hilo ghafla, kwa hakika iliyomuumiza. Maisha yao yote alikuwa akimwambia umepona kabla hajauliza kama anaumwa. Alifanya hivyo kwenye baridi, alifanya hivyo msibani kwa mama yake Queen, aliposimama mlangoni akasimulia vichekesho mpaka Nathaniel akacheka na hakulia. Na kila mara Nathaniel alirudi nyumbani na ugonjwa wake peke yake.

Mkono ulirudi chini.

Watu walianza kugeuza shingo kumtafuta mkalimani gizani. Mtu akakohoa.

"Sema, Mkalimani," ilisema sauti ya Nathaniel kutoka kiti cha mbele, na haikuwa na mzaha. "Anasemaje?"

"Daktari hajasema kitu," alisema Eliakim.

Picha ikaendelea. Alifasiri kila neno lililobaki, neno kwa neno, hakupunguza wala hakutia chumvi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hayakuwa mengi. "Anasema, kuna baridi. Anasema, taa isogezwe." Uso wa Corbeck ulijaa ukuta mzima, na ule uzuri wake wote wa mabangoni ulikuwa umemtoka, macho yalikuwa yanamtafuta mtu. "Anasema, naogopa. Anasema, kaa hapa, usiondoke." Kisha shuka. Kisha farasi amesimama nje, amefungwa, mvua inamnyeshea.

Taa zilipowashwa hakuna aliyevunja kiti. Emérithe alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. Vijana walikuwa wametulia wakitazamana, wasijue kama ni ruhusa kwenda kwenye sambusa. Queen alisimama karibu na ukuta, mkono mdomoni, na alimtazama Eliakim kwa macho yaliyomuuliza kwa nini hukuniambia. Nathaniel hakugeuka.

Aliondoka kabla ya chai. Aliomba koti lake, akamwambia Queen alete gari mbele, na wakati wanamsubiri alisimama nje chini ya paa la mlango, Eliakim kando yake, wote wawili wakitazama tope la theluji. Pumzi ya Nathaniel ilitoka kwa vipande.

"Alikufa," alisema hatimaye.

"Alikufa."

"Tukuyu ulituambia alipanda farasi."

"Nisingesema hivyo mngenipiga viti."

Nathaniel alilifikiri jambo hilo kwa haki. "Mimi ningekuwa wa kwanza," alikubali. Gari moja likapita, halikuwa la Queen. "Ule uso wa mwisho. Ule ni wa kuigiza?"

"Kuna mtu alimuuliza. Alisema hakucheza kufa. Alicheza kuogopa."

"Kumbe." Nathaniel alikaza koti kifuani. "Mimi sikuwa na mafua, ile siku."

"Tunajua."

"Mnajua nani?"

"Queen anajua. Mama Alma anajua. Nadhani hata hospitali wanajua."

Ilikuwa nafasi ya kucheka, na zamani wangeicheka, lakini Nathaniel hakucheka na Eliakim hakumsukuma. Taa za gari la Queen zikajitokeza kwenye kona. "Nikienda," alisema Nathaniel haraka haraka, kama mtu anayetaka kumaliza kabla mwanawe hajasikia, "nikienda, nasema, uje unikalimanie."

"Kiswidi unakijua wewe. Umewagombeza abiria kwa Kiswidi miaka yote."

"Nakijua nikiwa nimesimama," alisema Nathaniel. "Nikilazwa sikijui." Akaingia garini.

Jumapili nzima simu ya Nathaniel iliita bila kupokelewa. Queen alituma ujumbe mmoja tu: yuko chumbani, anasema amechoka, sijui. Eliakim hakula. Alijiambia ameua rafiki kwa kusema kweli, kisha akajiambia alitaka kumuua kwa uongo, na hayo mawili yakapokezana usingizi wake mpaka alfajiri. Veneranda, ambaye kwa kawaida angekuwa na neno, alimpikia uji akamwekea mbele, akamfunga skafu shingoni mwenyewe.

Jumatatu Eliakim alifika hospitali mapema mno. Alisimama kwenye lango kubwa la vioo, na kila mlango ulipofunguka aliinua shingo kutazama. Wakaja wanawake wajawazito, wakaja wahudumu na kahawa zao, akaja mzee wa Kiswidi mwenye bakora aliyemsalimia kwa kichwa. Saa aliyoambiwa ikafika, ikapita. Alianza kuyapanga maneno ya kumwambia Queen. Ndipo alipomwona Nathaniel, ng'ambo ya barabara, katikati ya Queen na mkoba mdogo ambao hakukubali mtu ambebee, anavuka taratibu, uso umemkauka.

Hawakusalimiana. Eliakim aliufungua mlango wa vioo, ingawa ulikuwa wa kujifungua wenyewe.

Juu, chumbani, Nathaniel alivalishwa gauni la hospitali akalazwa, na Queen akaitwa nje kuzungumza na daktari. Akaja muuguzi kijana, mwenye sauti ya upole. Alimuuliza Nathaniel kwa Kiswidi jina lake na tarehe ya kuzaliwa. Nathaniel akatazama dari. Muuguzi akamgeukia Eliakim. "Hazungumzi Kiswidi?"

"Leo hapana," alisema Eliakim.

Basi akafasiri. Jina, tarehe, dawa anazotumia, lini mara ya mwisho kula. Maswali yalikuwa madogo na majibu yalikuwa madogo, na kila jibu lilipita kwake safi, bila chumvi. Muuguzi alimaliza, akaweka kalamu mfukoni, kisha hakuondoka. Alimtazama mgonjwa kwa muda.

"Muulize kama anaogopa," alisema.

Eliakim alimwinamia rafiki yake. "Anauliza kama unaogopa."

Nathaniel alifumba macho. Alikuwa ameshalisikia swali kwa Kiswidi, na Eliakim alijua kwamba alilisikia, na bado alilisubiri lifike kwa Kiswahili. Mikono yake ilikuwa juu ya shuka.

"Mwambie naogopa," alisema.

Eliakim akamgeukia muuguzi. Yalikuwa maneno matatu tu ya Kiswidi, maneno ya darasa la kwanza, na aliyatamka kwa sauti kamili.

"Vi är rädda," alisema. Tunaogopa.

Alilisikia kosa lake likiwa limeshatoka. Mkalimani hajitii ndani ya maneno ya mtu; hilo alilijua. Akasubiri Nathaniel amsahihishe, maana Nathaniel alikijua Kiswidi vizuri kiasi cha kutopitwa na kosa kama hilo. Nathaniel hakufumbua macho. Aliisogeza miguu yake upande wa ukuta, polepole, akamwachia nafasi ya kukaa kitandani.